Mabehewa Yatoka, Vifaru Vyaingia

Mjini Görlitz, mashariki mwa Ujerumani, mpakani kabisa na Poland, kuna kiwanda kilichoanza kuunda mabehewa ya treni mwaka 1849. Februari 2025 kampuni ya Alstom ilikubali kukikabidhi kwa KNDS, watengenezaji wa silaha. Sasa kitaunda sehemu za kifaru cha Leopard 2. Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz, alikwenda mwenyewe kushuhudia mkataba ukitiwa saini. Takriban nusu ya wafanyakazi 700 waliahidiwa kubaki na ajira, na mtu mwenye watoto wa kulisha hachagui kati ya kuchomelea behewa na kuchomelea kifaru.

Tumezoea kuambiwa kwamba nchi hujizatiti kwa sababu ya adui. Adui yupo, Urusi iliivamia Ukraine mwaka 2022, hilo halina ubishi. Lakini si adui peke yake: uchumi wa Ujerumani ulisinyaa mwaka 2023, ukasinyaa tena 2024, na viwanda vya magari vinapunguza watu. Ndipo Machi 2025 Bunge lile lile lililokuwa likiogopa madeni likabadili katiba: matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa hayabanwi tena na ukomo wa kukopa. Barabara, reli na madaraja vilipewa mfuko wa euro bilioni 500. Mfuko huo una kikomo. Mkopo wa jeshi hauna. Hisa ya kampuni ya silaha ya Rheinmetall, iliyokuwa chini ya euro 100 kabla ya vita, mwezi huo ilikuwa zaidi ya 1,000.

Hofu yangu ni hii. Behewa likitoka kiwandani hubeba abiria miaka na miaka, na nauli inaingia. Kifaru hukaa bohari kikingoja vita au kutu, na mnunuzi wake ni serikali tu. Mji unaokula kwa vifaru utahitaji oda nyingine, na mbunge wake ataidai hata siku adui akinyamaza. Eisenhower, jenerali mzima, aliwaonya Wamarekani kuhusu nguvu hiyo ya viwanda vya silaha Januari 1961, akiaga urais.

Nasi Waafrika ankara inatufikia. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kwamba, ili kugharimia jeshi, itashusha misaada ya maendeleo kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Mawaziri wetu wa fedha ambao bado wanaandika bajeti ya dawa na chanjo kwa kutegemea fedha za wafadhili, watafute kwingine sasa, wasingoje mwaka huo.