Kanali Thompson: Askari Aliyekwenda Bungeni
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Mliponitaka nisome mbele yenu habari za maafisa wa jeshi la Uingereza walioingia katika siasa katika karne ya kumi na tisa, najua wengi wenu mlitazamia kulisikia jina la Duke wa Wellington. Naye astahili kutajwa. Alimshinda Napoleon huko Waterloo mwaka 1815, akawa Waziri Mkuu mwaka 1828, akaanguka mwaka 1830 kwa kuwa alisimama Bungeni akakana ya kwamba utaratibu wa kuchagua wabunge ulikuwa na kasoro yo yote. Mtu aliyezoea kutoa amri huona taabu kukaa na watu wanaojibu. Walakini habari zake zimeandikwa mno. Leo nawaletea mtu mwingine, mdogo wake kwa cheo, ambaye nadhani karani atamfahamu upesi zaidi. Jina lake Thomas Perronet Thompson.

Kwanza yafaa tujue desturi ya siku zile. Cheo cha afisa katika jeshi la nchi kavu mara nyingi kilinunuliwa kwa fedha, na jambo hilo halikukomeshwa mpaka mwaka 1871. Afisa asiyekuwa kazini aliweza kupewa nusu ya mshahara, na katika hali hiyo wengine walisimama kuchaguliwa. Mbunge naye hakulipwa mshahara hata mwaka 1911. Wala ulimi wa afisa mbunge haukuwa huru kabisa: Sir Robert Wilson, jemadari na mbunge, alifukuzwa jeshini mwaka 1821 kwa mambo yaliyotokea siku ya maziko ya Malkia Caroline, asirudishwe mpaka mwaka 1830.

Thompson alizaliwa mwaka 1783 katika bandari ya Hull, mji ule ule wa Wilberforce, adui mkubwa wa biashara ya utumwa. Alisoma hesabu huko Cambridge, akawa miongoni mwa wa mbele. Mwaka 1803 akaenda kuwa baharia wa kivita, mwaka 1806 akahamia jeshi la nchi kavu, mwaka 1807 akashikwa mateka huko Buenos Aires. Aliporudi kwao, rafiki wa baba yake, ndiye Wilberforce, alimtafutia kazi. Mwaka 1808 Serikali ya Mfalme iliitwaa Sierra Leone kutoka katika mikono ya kampuni iliyokuwa ikiitawala, na kijana huyu wa miaka 25 akapelekwa huko kuwa Gavana.

Hapa ndipo habari yenyewe ianzapo. Biashara ya watumwa ilikuwa imekwisha kukatazwa na sheria, na manowari zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa na kuwateremsha mateka hao Sierra Leone, wapate kuwa watu huru. Thompson alipofika alikuta watu hao wamegawanywa kwa wenyeji wa mji, kila mmoja kwa dola 20, chini ya jina la kufundishwa kazi, na sheria yenyewe iliruhusu mafunzo hayo yaendelee hata miaka 14. Mtu aliyenunuliwa kwa dola 20, asiyeweza kuondoka, mwaona wenyewe ya kuwa jina lake katika daftari laweza kubadilika na hali yake isibadilike. Gavana alitamka ya kuwa mapatano yale ni batili. Akaandika London, akaandika tena, kwa maneno makali yasiyochagua rafiki. Na waliokuwa wakilaumiwa katika barua zile ni watu wa kampuni, marafiki wa Wilberforce, yaani wale wale waliomfungulia mlango wa kazi.

Nadhani hapana mtu katika chumba hiki asiyejua uzito wa kalamu saa hiyo. Kuandika taarifa juu ya kosa la mtu usiyemjua ni kazi nyepesi. Kuiandika juu ya mfadhili wako ni jambo jingine. Thompson aliiandika, na jibu likawa barua ya kumwita nyumbani. Mwaka 1810 alikuwa amekwisha kuondoka. Nisimpambe kupita kiasi: hakuwa na subira, aligombana na karibu kila mtu, hata jina la mji wa Freetown alilibadilisha akauita Georgetown. Lakini katika jambo la dola 20 yeye ndiye aliyekuwa na haki.

Alirudi vitani, akapigana Hispania na Ufaransa, kisha akaenda Bara Hindi na kujifunza Kiarabu. Kiarabu hicho ndicho kilichomleta karibu na bahari yetu. Mwaka 1819 jeshi kutoka Bombay lilikwenda Ras al-Khaimah kupigana na Waqawasim, na Thompson alikuwa mkalimani wake. Mkataba uliofuata Januari 1820 ulikuwa na kifungu cha tisa, kisemacho ya kuwa kuwachukua watu utumwani kutoka pwani za Afrika au mahali pengine ni unyang'anyi na uharamia. Ni maneno mafupi, na wakubwa hawakuyatimiza upesi, lakini yalikuwamo katika mkataba, na aliyekuwa kalamu ya mazungumzo yale ni yule yule aliyefukuzwa Sierra Leone.

Mwaka huo huo akaanguka vibaya. Watu wa kabila la Bani Bu Ali, huko Omani, walishitakiwa kwa uharamia, na mjumbe aliyepelekewa barua akauawa. Thompson akaondoka na kikosi kidogo cha askari wa Kihindi, pamoja na Sayyid Said wa Maskati, ndiye yule aliyehamishia baraza lake Unguja baadaye. Mwezi wa Novemba 1820 Bani Bu Ali waliwatokea kwa panga, wakawavunja. Sayyid Said alijeruhiwa mkononi. Askari wa Kihindi walikufa kwa mamia, mbali na makwao, katika vita visivyowahusu. Baraza la kijeshi huko Bombay lilimkemea Thompson kwa haraka yake ya kwenda na watu wachache. Nami naona kemeo hilo lilikuwa dogo. Mtu aweza kuwa na haki kubwa mahali pamoja akawa mwenye deni mahali pengine, na deni la watu wale lilibaki juu yake.

Alirudi Uingereza mwaka 1822. Mwaka 1827 akatoa kitabu kidogo cha maswali na majibu juu ya sheria za nafaka, zilizoufanya mkate kuwa ghali kwa faida ya wenye mashamba. Sheria hizo zilifutwa mwaka 1846. (Kadhalika alitengeneza kinanda chenye sauti nyingi kuliko vinanda vya kawaida. Wapiga muziki walio hapa waniulize baadaye, wala nisiahidi kujibu.) Mwaka 1835 watu wa Hull walimchagua kwenda Bungeni kwa kura chache tu za ziada.

Alipokuwa Bungeni alifanya jambo ambalo ningependa halmashauri yetu ilisikie kwa masikio mawili. Aliwaandikia watu wa Hull barua mara kwa mara, akiwaeleza nini kilichosemwa, yeye alipiga kura upande gani, na kwa sababu gani. Alikuwa pia katika wabunge sita waliowekwa pamoja na wafanya kazi kuitunga Hati ya Watu ya mwaka 1838, iliyodai kura kwa kila mwanamume mzima, kura ya siri, na mshahara kwa wabunge ili maskini naye aweze kukaa pale. Mwaka 1837 alisimama Maidstone akashindwa, na mmoja wa waliomshinda alikuwa kijana Disraeli, ambaye hapo ndipo alipoingia Bungeni kwa mara ya kwanza. Mwaka 1847 watu wa Bradford wakamchagua, wakamwacha mwaka 1852, wakamrudisha mwaka 1857.

Mwaka huo wa 1857 askari wa Kihindi waliasi. Uingereza ilijaa hasira, na magazeti yalitaka kisasi. Thompson, sasa Meja Jenerali mwenye miaka 74, aliwaandikia tena watu waliomchagua, akipinga kisasi hicho na kuyaeleza makosa ya watawala wenyewe. Barua zile alizipa jina la Kilatini, maana yake, sikiliza upande wa pili. Hazikumpatia marafiki wengi. Sijui mtu aliyewapeleka askari wa Kihindi kufa katika mchanga wa Omani alikuwa na nini moyoni alipokuwa akiwatetea ndugu zao miaka 37 baadaye, wala sitamsemea. Mwaka 1859 alitoka Bungeni, na mwaka 1869 akafariki, hali amekwisha kuwa Jenerali.

Mwenye Kiti, saa yangu imekwisha. Nakaa, ili wenzangu wapate kuuliza na kunisahihisha.