Bosi akitukana, nani wa kumjibu?



Siku hizi liko swali linaloulizwa kwa uzito kabisa katika semina za uongozi na katika makala za wataalamu wa biashara: je, ni vibaya kiongozi wa kampuni kutukana kazini? Msishangae. Wapo wasomi wanaojibu kwamba si vibaya. Wengine wanasema tusi likitumika kwa kipimo humfanya bosi aonekane mtu wa kawaida, asiyejikweza. Nimeona tulizungumze leo kwa sababu jibu hilo limekwisha fika hapa Dar es Salaam, na wapo mabwana wakubwa waliolipokea kwa mikono miwili.

Maneno yenyewe siwezi kuyataja hewani. Mnayajua.

Tuanze na wale wanaotolewa mfano. Huko Marekani alikuwapo mama mmoja, Carol Bartz, aliyeanza kuiongoza kampuni ya Yahoo mwaka 2009. Mama huyo alikuwa maarufu kwa ulimi wake, na wako waliomsifu kwamba ni mtu wa kweli, asiyezungukazunguka. Mwaka 2011 bodi ilimwondoa kazini, tena kwa simu. Sisemi kwamba aliondolewa kwa ajili ya matusi. Kampuni ilikuwa na matatizo yake ya biashara. Nasema tu kwamba matusi hayakuyatibu matatizo hayo.

Kisha kuna utafiti. Mwaka 2007 wataalamu wawili, Yehuda Baruch na Stuart Jenkins, kutoka Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, waliandika kwamba wafanyakazi wa ngazi za chini wanapotukana wao kwa wao, wakati mwingine hupunguza mzigo wa kazi na kujenga umoja, na kwamba meneja asikimbilie kupiga marufuku kila neno. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele waliwaambia wanafunzi watie mkono ndani ya maji ya barafu. Walipokuwa wakitamka tusi walivumilia muda mrefu zaidi kuliko walipotamka neno la kawaida. Naam. Fundi seremala aliyejigonga nyundo kidoleni hana haja ya kusomewa utafiti huo.

Lakini hebu tuutazame vizuri. Wa kwanza unazungumzia watu wa daraja moja, wanaotoleana maneno wao kwa wao. Wa pili unazungumzia mtu na maumivu yake. Hakuna hapo mahali palipoandikwa kwamba mkurugenzi akimwita karani wake jina la mnyama, karani huyo atachapa barua haraka zaidi.

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya vyuo vikuu. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Mngoni anaweza kuingia msibani kwa Mhehe akasema maneno ambayo angeyasema mtu mwingine angetolewa nje kwa mateke. Mnyamwezi na Mzaramo vivyo hivyo. Wageni wakisikia hudhani watu wanagombana. Kwa nini maneno yale hayaumi? Si kwa sababu ni laini, maana mengine ni makali kupita matusi ya mtaani. Hayaumi kwa sababu mtani wako naye anayo ruhusa ile ile. Leo zamu yako, kesho zamu yake, na hakuna anayekwenda nyumbani na deni.

Hata kwenye daladala, ambako hakuna utani wa kikabila, mambo huenda hivyo hivyo. Konda akinitolea neno chafu, nami namjibu. Abiria wenzangu watanisaidia, pengine na mama mmoja aliyepakata mtoto atamwambia konda maneno ambayo hatayasahau hadi gari lifike Kariakoo. Tukishuka, yamekwisha.

Sasa mfikirie mhasibu msaidizi ambaye bosi amemtukana mbele ya wenzake saa tatu asubuhi. Anayo majibu, na huenda ni mazuri kuliko ya bosi. Hawezi kuyatoa. Ana kodi ya nyumba, ana ada ya mtoto, ana mama yake kijijini anayesubiri chochote mwisho wa mwezi. Atasema, "Samahani mzee," na kuinama juu ya karatasi zake. Lile neno halikuisha hapo. Ameondoka nalo, amepanda nalo gari, na jioni watakaolipokea ni watu ambao hawaijui hata sura ya huyo bosi.

Mabosi wenyewe watasema: haya ni mambo ya hisia, sisi tunatafuta faida. Vizuri, tuzungumze faida. Fundi mmoja wa kiwanda kilichoko kando ya Barabara ya Nyerere alipata kunisimulia habari ya beringi. Yeye na mwenzake walisikia mashine ikitoa mlio usio wa kawaida siku ya Jumanne. Kumwambia meneja maana yake ni kutukanwa, kwa sababu meneja yule alikuwa na desturi ya kumtukana aliyeleta habari mbaya, hata kama si yeye aliyeisababisha. Wakatazamana. Kila mmoja akangoja mwenzake aende. Siku ya Ijumaa mashine ikasimama, na kiwanda kikakaa siku nane kikingoja kipuri kutoka nje. Nikamwuliza, "Kwa nini hamkusema?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Kwani sisi tuna mama wangapi wa kutukaniwa?"

Hiyo ndiyo hesabu ambayo haiandikwi kwenye taarifa ya mwaka. Bosi mwenye matusi ndiye mtu wa mwisho kujua kinachotokea katika ofisi yake. Dereva hamwambii breki zimeanza kulegea. Mtunza stoo hamwambii mali imepungua. Anaambiwa mambo ni mazuri mpaka siku yanapoharibika, na siku hiyo anatukana zaidi, akishangaa kwa nini amezungukwa na watu wasiosema kweli.

Liko jambo jingine ambalo ni letu hasa. Bosi wetu wa mjini hatukani kwa Kiswahili. Anatukana kwa Kiingereza. Lile neno fupi la Kiingereza, ambalo kwenye filamu hutamkwa kila baada ya dakika moja, limeingia maofisini kama vile tai na kiyoyozi. Mtu analitamka huku amekaa kwenye kiti cha kuzunguka na anaona ni dalili ya kuelimika. Mwambie alitafsiri neno hilo hilo kwa Kiswahili mbele ya wakwe zake, uone jasho litakavyomtoka. Tarishi naye amekwenda shule kidogo. Anajua ameambiwa nini. Kwa hiyo ule ustaarabu wa tusi la kigeni unamfaa msemaji peke yake. Msikilizaji hapati punguzo lolote.

Nisieleweke vibaya. Wapo mabosi wasiotamka neno baya hata siku moja, na mshahara wa mwezi wa tatu wanaulipa mwezi wa sita. Hao nao wana siku yao katika kipindi hiki. Tena sisemi kwamba kiongozi asikasirike. Kazi ikiharibika ni haki aseme imeharibika, aseme kwa sauti, na aliyeharibu ajulikane. "Hesabu hii ni mbovu, irudie," ni maneno makali na hayamvunjii mtu heshima. Kumtaja mama mzazi wa mwenye hesabu ni habari nyingine, na hesabu bado itabaki mbovu.

Katika nchi hizi zetu tusi la kazini lina historia, na historia hiyo ni ya upande mmoja. Kule Kenya, Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1910 ilimfanya mtumishi aliyemtukana mwajiri wake kuwa mkosaji, wa kutozwa faini au kufungwa. Mnaona ilivyopangwa. Tusi la kupanda juu lilikuwa kosa la jinai. La kushuka chini lilikuwa ni utaratibu wa kazi.

Hapa kwetu wafanyakazi walipata kulikataa jambo hilo waziwazi. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wale waliodhani ni maneno ya kupamba ukuta walishangaa. Wafanyakazi wa viwanda walikishika kifungu hicho kwa moyo, na kati ya mwaka 1971 na 1973 kazi zikasimama katika viwanda vingi vya Dar es Salaam. Mara nyingi kisa hakikuwa mshahara. Kisa kilikuwa namna wakubwa walivyowatendea na kuwasemesha watu. Mameneja wengine walifungiwa nje ya mageti ya viwanda vyao wenyewe, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika hadi kukishika kiwanda. Profesa Issa Shivji ameyaeleza mambo hayo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1976. Mwishowe Serikali ilichoshwa na misimamo ile, na wako wafanyakazi waliopoteza kazi zao. Hata hivyo mtu mzima aliyekubali kuhatarisha mkate wa watoto wake kwa ajili ya namna anavyosemeshwa hakuwa anafanya mchezo.

Leo sheria inasemaje? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, inasema kumtukana mtu kwa namna inayoweza kuvunja amani ni kosa, wala haikuandika humo kwamba wakurugenzi wamesamehewa. Nayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina kifungu cha 36 ambacho wengi hawakijui. Mwajiri akiyafanya mazingira ya kazi yasivumilike hadi mfanyakazi akaacha kazi mwenyewe, kuacha huko kunaweza kuhesabiwa kwamba ameachishwa. Mfanyakazi huyo anaweza kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naye ana siku 30 za kufanya hivyo. Asikae nyumbani miezi mitatu akiuguza machungu, halafu ndipo akaanze kutafuta fomu. Na kama neno alilotukanwa analikumbuka, aliandike siku ile ile, na saa, na nani alikuwapo.

Najua ugumu wake. Atakayetoa ushahidi ni yule wa meza ya pili, ambaye naye ana kodi ya nyumba. Ndiyo maana mashauri ya namna hii ni mepesi kuyasimulia barazani na mazito kuyapeleka mbele. Wakurugenzi wa bodi wangeweza kusaidia bila sheria yoyote mpya. Wanapokutana na meneja wao na kumwuliza mauzo yalikuwaje, wamwulize pia ni makatibu muhtasi wangapi wamepita katika ofisi yake kwa miaka miwili. Wakisikia ni watano, waite mmoja wao wazungumze naye, meneja akiwa hayupo.

Na kwa wale mabwana wakubwa wanaoamini kwa dhati kwamba tusi la bosi hujenga umoja kazini, ninalo ombi dogo. Bandikeni tangazo kwenye ubao, kwa Kiswahili, lenye muhuri wa kampuni, kwamba kuanzia Jumatatu ijayo kila mfanyakazi, tangu mhasibu hadi mfagiaji, anaruhusiwa kumjibu bosi kwa lugha ile ile aliyotumia, mbele ya watu wale wale, wala hatapewa barua ya onyo. Kampuni itakayobandika tangazo hilo initumie habari hapa studio. Nitakuja mwenyewe na kinasa sauti, saa mbili kamili asubuhi.