Vyombo vya Kuchimbia Nguzo za Ua

Leo tuzungumze juu ya ua wa bustani.

Wewe wa Singida unajua mambo yalivyo. Mavuno yakishaingia ghalani, mifugo huachiwa mashambani ikale mabua. Wakati huo kijani kinachobaki ni kitalu chako cha vitunguu kando ya kisima. Mbuzi wakiingia usiku mmoja tu, jasho la miezi limekwisha, na asubuhi wewe na jirani mko mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.

Basi jenga ua. Lakini vyombo kwanza. Udongo ukikauka kama tofali, jembe halifai. Hupanua mdomo wa shimo, nguzo ikalegea. Chombo chenyewe ni mtaimbo. Chagua ulionyooka, mzito, lakini usikushinde kuuinua mara nyingi. Ncha iwe bapa kama patasi; ikiwa butu, mpelekee mhunzi. Sururu iweke kwa penye mawe, na kabla ya kuiinua tazama kama mpini haukulegea. Koleo haliingii shimo jembamba, kwa hiyo udongo uchote kwa kopo.

Nyosha mstari kwa kamba, weka alama. Jioni mimina maji kidogo kwenye kila alama, hata yale uliyofulia nguo. Asubuhi utachimba kwa urahisi. Nguzo ya mita 2 ichimbie sentimita 60. Upana, ngumi ikipita kando ya nguzo yatosha.

Nguzo iwe ya mti uliokomaa, umeibandua ganda, maana mchwa huanzia hapo.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunajaza udongo wote mara moja, tunakanyaga kwa mguu, basi. Juu pagumu, chini patupu! Mvua za Desemba zikija, nguzo zinalala. Wewe tia udongo kidogo, shindilia pande zote kwa kitako cha mtaimbo, halafu tia mwingine.

Mvua zikianza, panda minyaa kati ya nguzo. Nguzo zitakapooza, minyaa itakuwa ndiyo ua. Ila utomvu wake ni hatari kwa macho. Usijipanguse uso kabla ya kunawa.

Huna mtaimbo? Changeni majirani watano mnunue mmoja. Mkimwingiza na mwenye mbuzi, vizuri zaidi.