Nyumba ya Mabati Isiwe Tanuri

Tunafurahi mkichangiana mabati kwa mzunguko. Makuti yanachoka upesi, tena ni hatari kwa moto. Bati linadumu, na maji ya mvua tunayakinga. Lakini Februari, kaskazi ikilegea, nani analala ndani? Mikeka inatolewa uani, watoto wanalala bila chandarua, na malaria ndiyo hiyo.

Basi kabla ya kuwazia feni, turekebishe nyumba. Wekeni dari, hata ya mikeka, na juu yake muache nafasi hewa ipite. Bati lipakwe nyeupe, maana nyeupe hurudisha jua. Madirisha yawe mawili yanayokabiliana, moja upande wa mashariki: kaskazi na kusi zote zinatokea huko, na upepo usipokuwa na pa kutokea hauingii. Magharibi pandeni mwarobaini kwa jua la alasiri. (Eyakondishena za mahoteli ya Malindi tuziache huko huko, moja inakula umeme kushinda feni kumi.)

Kikundi kitakachoezeka mwezi ujao, jamani, pesa ya dari itolewe pamoja na ya mabati. Ikiachwa nyuma haipatikani tena.