Nuru na Uso wa Mtu



Jioni hii nitazungumza nanyi juu ya picha za watu, na sababu ya picha nyingine kuonyesha sura bila kuonyesha tabia.

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Kazi ya chumba cha namna ile ni kuitawala nuru. Taa ikiwekwa mbele kabisa, uso huwa bapa kama sahani. Mikunjo hupotea, na pamoja nayo umri na busara. Taa ikiwekwa ubavuni, juu kidogo ya macho, kivuli cha pua huangukia shavu, na uso hupata umbo lake. Upande wa pili tundikeni shuka nyeupe irudishe nuru kidogo, kivuli kisiwe giza tupu. Ngozi nyeusi hupambwa na mng'ao. Basi nuru iwe pana na laini, wala msiipaushe ngozi kwa kuzidisha mwanga.

Msikilizaji wa Pangani ya Kibaha asiye na taa asivunjike moyo, maana dirisha latosha. Na amketishe mtu kando ya dirisha. Mchangamfu apewe nuru nyingi, mtulivu apewe kivuli zaidi. Kisha azungumzishwe mpaka aisahau kamera.

Jambo hili si dogo. Mzee akiisha kufariki, wajukuu watauliza alikuwa mtu wa namna gani, na picha ndiyo itakayowajibu.

Kwa herini.