Bingwa Aliyekubali Nafasi ya Chini

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya mtu mmoja mwenye nguvu nyingi, tuone alizitumiaje.

Jina lake ni Bronko Nagurski. Alizaliwa Kanada mwaka 1908, akakulia International Falls, mji mdogo wa mpakani huko Minnesota, Marekani. Mwaka 1930 alijiunga na timu ya Chicago Bears kucheza mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kandanda tunayoijua sisi. Unafanana zaidi na raga: mpira hubebwa mikononi, na wachezaji huangushana kwa vishindo. Kazi ya Nagurski ilikuwa kuubeba mpira na kupenya katikati ya wapinzani, na kumwangusha yeye haikuwa kazi ya mtu mmoja. Timu yake ilitwaa ubingwa mwaka 1932, na tena 1933.

Lakini miaka ile fedha zilikuwa haba duniani kote, na mchezo haukulipa sana. Kwa hiyo akaanza pia mieleka ya kulipwa, ambayo ni nusu shindano na nusu maonyesho. Tarehe 29 Juni 1937, mjini Minneapolis, alimshinda Dean Detton akawa bingwa wa dunia. Msimu wa mpira wa mwaka huo ulipokwisha, yeye na timu hawakupatana juu ya mshahara, akauacha mpira. Mwaka 1939 alitwaa tena ubingwa wa mieleka kwa kumshinda Lou Thesz.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1943 vijana wengi wa Marekani walikuwa vitani, na Chicago Bears ikapungukiwa na wachezaji. Wakamwita Nagurski, ambaye alikuwa akikaribia miaka 35. Angeweza kusema, "Jana hamkutaka kunilipa, leo mwanihitaji?" Tena angeweza kudai mpira upitie mikononi mwake, kwa kuwa yeye ni bingwa. Lakini alirudi, akacheza katika safu ya mbele, mahali pa kusukumana na kuwafungulia wengine njia. Aliye hapo hashangiliwi. Hushangiliwa yule apitaye na mpira.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu, na Chicago Cardinals walikuwa wakiongoza kwa 24 dhidi ya 14. Hapo ndipo Nagurski alipopewa mpira tena. Bears wakashinda 35 kwa 24. Mwezi wa Desemba wakawashinda Washington 41 kwa 21 katika fainali, naye akiwa mmoja wa waliofunga.

Je, sisi twafanyaje? Mwenyekiti akiondolewa katika kiti chake, mara nyingi haonekani tena mkutanoni. Aliyekuwa akiongoza kwaya akiombwa asimame mstari wa nyuma, anaugua koo kila Jumapili. Twasema tumechoka, kumbe tumenuna. Na huku kazi inalala, kwa sababu wale wanaoijua vizuri wamekaa nyumbani wakingoja kubembelezwa. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa, wala hawakusema ni kidole gani kitangulie.

Nguvu alizokuwa nazo Nagurski hazikupungua kwa kuwekwa mahali pasipo na makofi. Zilikuwa pale pale, tayari kwa saa ya haja. Kama angalibaki nyumbani na uchungu wake, zingalimfaa nani?

Alipoacha mieleka mwaka 1960, alirudi International Falls, akaendesha kituo cha petroli, akiwauzia jirani zake mafuta. Alifariki mwezi wa Januari 1990.

Ndugu msikilizaji, labda iko kazi uliyoiacha kwa sababu ulipewa nafasi ndogo kuliko ile ya kwanza. Wenzako bado wanaisukuma, nao wamepungukiwa. Usingoje kuitwa mara ya pili. Kwaherini.