Deni, Maandishi na Mlango wa Mahakama
(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa Kiislamu)

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baad:



Tulilokusudia kulizungumza ni deni. Kwa muda mrefu mfanyabiashara mdogo nchini Kenya aliyezuiliwa haki yake alikuwa na njia mbili: asamehe kwa kulazimika, au aende mahakamani atumie fedha nyingi kuliko anazozidai. Kwa Kadhi hakuwa na pa kuingilia, kwani Kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimeiwekea mahakama hiyo mpaka: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Deni la mchele au la mbao halimo.

Hali hiyo imebadilika. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016. Kiwango cha juu cha dai kilikuwa shilingi 200,000, kikapandishwa hadi shilingi milioni 1 mwaka 2020, na mwaka 2021 mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi. Husikiliza madai ya mauzo ya bidhaa na huduma, ya fedha na ya mali inayohamishika. Haisikilizi mizozo ya umiliki wa ardhi wala ya ajira. Sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu dai kuwasilishwa. Mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na mahakama haifungwi na kanuni kali za ushahidi.

Mlango basi umefunguliwa. Lakini tunauingia tukiwa na nini mkononi, na nini moyoni?

Kwanza, maandishi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqarah, imekuja kwa ajili ya deni. Ndani yake Allah Subhanahu wa Ta'ala ameamrisha deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye atamke, mashahidi wahudhurie, na tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Jumhuri ya wanachuoni wameiona amri hii kuwa ya kupendekeza. At-Tabari na Ibn Hazm wameiona ni ya wajibu. Je, sisi tunaiona nini? Tunamkopesha ndugu bidhaa za shilingi laki nne kwa kauli tupu, na akitutaka tuandikiane twaona ametudharau. Kuandika si kumtuhumu mtu. Ni kuulinda udugu usije ukavunjwa na usahaulifu au na mauti. Andikeni kiasi, tarehe, siku ya kulipa na majina ya mashahidi, na hifadhini ujumbe wa malipo ya simu. Wepesi wa kanuni za ushahidi haumpatii haki asiye na ushahidi wowote.

Pili, sulhu kabla ya kesi. Qur'ani imeisifu sulhu kuwa ni kheri, na Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama zihimize suluhu, upatanishi na usuluhishi. Waiteni wazee waadilifu, kisha makubaliano nayo yaandikwe. Na mdaiwa aliyefilisika kwelikweli, Allah ametuamrisha tumpe muda hadi apate wasaa. Kumwachia deni ni bora zaidi. Ama mwenye uwezo anayechelewesha makusudi, Mtume (S.A.W.) amekuita kuchelewesha huko dhulma. Huyo kumshitaki si ukosefu wa subira.

Tatu, riba. Mahakama za Kenya zina uwezo wa kuamuru riba juu ya fedha zilizohukumiwa. Hapa ndipo Muislamu anapojaribiwa: amekuja kudai haki yake, naye aondoke na haramu? Dai rasilimali yako, usidai riba. Ama gharama ulizotumia kwa ada ya kawaida, Sheikhul Islam Ibn Taymiyya ameeleza kuwa humlazimu mdaiwa mwenye uwezo aliyekulazimisha kushitaki.

Nne, muda. Sheria ya Kenya imeweka miaka 6 kwa dai la mkataba. Mdai asilale. Lakini wewe mdaiwa unayehesabu miaka ili deni life, jua kwamba linalokufa ni kesi. Dhima yako mbele ya Allah haina ukomo. Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada alipojitolea kulibeba. Alikuwa Sahaba, na deni lilikuwa dinari mbili tu!

Mwisho, tukumbuke onyo la Mtume (S.A.W.) kwamba yeye mwenyewe huhukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wetu akawa fasaha wa hoja kuliko mwenzake, basi atakayekatiwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Hukumu ya hakimu haiifanyi haramu kuwa halali. Kila mmoja wetu arejee dukani kwake, afungue daftari lake, na aanze na yale anayodaiwa kabla ya yale anayodai.

Tunamuomba Allah atutosheleze kwa halali yake, atulipie madeni yetu, na asituchukue hali ya kuwa tuna haki za watu shingoni. Wabillahi tawfiq.